Thomas Odhiambo: Msomi wa wadudu aliyeirudisha elimu shambani

UKIPITA barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida Mjini baada ya mavuno, huna haja ya kuuliza watu wa mkoa huu wanaishi kwa nini. Kando ya njia zimepangwa chupa za mafuta ya alizeti, asali imo kwenye madumu, na kuku wa kienyeji wamo kwenye matenga wakisubiri mabasi. Ukifika mjini, soko la Misuna linakusubiri na magunia ya vitunguu.

Bidhaa hizo zinafanana kwa jambo moja ambalo wengi wetu hatulifikirii. Nyuma ya kila moja yupo mdudu. Nyuki anatengeneza asali, na ndiye huyo huyo anayechavusha ua la alizeti ili kichwa kijae punje badala ya mapepe. Kuku wa kienyeji anajitafutia riziki kwa kudonoa mchwa na panzi.

Wadudu wengine ni maadui. Bungua anatoboa mabua ya mtama na mahindi. Viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017, wanaweza kumaliza shamba la mahindi kabla mkulima hajapata fedha za dawa. Thripsi wananyonya majani ya vitunguu. Mbung'o, katika mapori ya upande wa Manyoni na Itigi, wanasumbua mifugo na wachungaji wake.

Kwa hiyo mkulima wa Singida, apende asipende, kila msimu anafanya kazi na wadudu. Swali ni kama anawajua.

Makala haya yanamhusu mtu aliyeliona jambo hilo mapema kuliko wengi katika Afrika Mashariki na akalifanya kuwa kazi ya maisha yake. Huyo ni hayati Profesa Thomas Risley Odhiambo wa Kenya, mtaalamu wa wadudu aliyefariki dunia Mei 2003.

Tunasimulia maisha yake kwa sababu yanajibu swali lililomo katika nyumba nyingi. Mzazi ameuza maksai na magunia ya alizeti ili kijana wake asome Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Kijana amemaliza shahada ya kwanza, kazi haijapatikana, na sasa amerudi nyumbani kueleza kwamba anataka kusoma shahada ya uzamili katika kilimo endelevu. Je, mzazi auze tena?

Kutoka Mombasa hadi Makerere

Odhiambo alizaliwa Februari 1931 mjini Mombasa, wakati Kenya ikiwa bado koloni la Waingereza. Alisoma Maseno, shule ya wamisionari iliyoko magharibi mwa Kenya, karibu na Ziwa Victoria. Ilikuwa miongoni mwa shule chache zilizompa kijana wa Kiafrika elimu ya sekondari wakati ule.

Kutoka Maseno alijiunga na Makerere, Uganda. Katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1950, Makerere ndicho kilichokuwa chuo cha juu kwa vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwalimu Julius Nyerere naye alisoma hapo katika miaka ya 1940.

Vijana wengi waliotoka Makerere walitazamia kazi ya ofisini, ualimu au udaktari. Odhiambo alivutwa na viumbe hai, na hasa wadudu. Kwa macho ya wengi hilo lilikuwa jambo la kushangaza, kwani mdudu alionekana kuwa kitu cha kupondwa wala si cha kusomewa.

Swali alilolikuta kazini

Baada ya Makerere hakuendelea na masomo moja kwa moja. Alifanya kazi katika idara ya kilimo nchini Uganda, upande wa wadudu waharibifu. Hapa ndipo penye somo la kwanza kwa vijana wetu: kabla ya kutafuta shahada kubwa, alikwenda kwanza kuliona shamba.

Huko Uganda alikutana na wadudu waliokuwa wakiharibu pamba na mazao mengine. Lakini pia aliwaona wadudu ambao mkulima huwaua kwa kutowajua, ingawa wanamsaidia. Mmoja wao ni mdudu mwindaji ambaye huishi kwa kuwanyonya wadudu wengine. Odhiambo alimchunguza mdudu huyo kwa subira na kueleza jinsi dume linavyosimama juu ya mayai na kuyalinda hadi yaanguliwe.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1959 katika jarida la chama cha wataalamu wa wadudu cha London. Alikuwa na umri wa miaka 28, na hakuwa bado na shahada ya uzamivu. Alichokuwa nacho ni macho ya kuangalia, daftari la kuandikia, na swali.

Swali lenyewe ni rahisi kulieleza. Ikiwa shambani wamo wadudu wanaokula mazao na wengine wanaokula hao wanaokula mazao, je, ni busara kunyunyiza sumu inayowaua wote? Miaka ile dawa kama DDT zilisifiwa kila mahali kuwa ndizo mkombozi wa mkulima. Madhara yake yalianza kujadiliwa sana duniani baada ya mwanasayansi wa Marekani, Rachel Carson, kuchapisha kitabu chake mwaka 1962.

Cambridge na nzige wa jangwani

Odhiambo alikwenda Uingereza kusoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alianza na shahada ya kwanza ya sayansi, kisha akaendelea hadi shahada ya uzamivu, yaani udaktari wa falsafa, aliyoipata mwaka 1965. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Mdudu aliyemchagua kwa utafiti wake hakuwa wa Uingereza. Alichagua nzige wa jangwani, adui ambaye wazee wa Afrika Mashariki walimfahamu vizuri kutokana na njaa alizosababisha. Alichunguza tezi ndogo iliyomo kichwani mwa nzige dume, na jinsi maji yake yanavyotawala ukomavu, nguvu na matumizi ya mafuta ya mwilini.

Mkulima anaweza kuuliza tezi ya nzige inamsaidia nini. Jibu ni kwamba ukijua kinachomfanya mdudu akue, azaane na aruke, unaweza kutafuta njia ya kumzuia bila kumwaga sumu kwenye kila jani. Ni sawa na fundi wa mashine ya kukamua alizeti. Asiyejua mashine inavyofanya kazi hupiga nyundo kila mahali, lakini anayejua hukaza nati moja.

Nzige hao hawakuwa habari za zamani tu. Mwaka 2020 waliivamia Kenya kwa wingi ambao haukuwa umeonekana kwa miaka 70, na mwanzoni mwa 2021 makundi yao yaliingia hadi kaskazini mwa Tanzania.

Kurudi nyumbani

Mwenye shahada ya uzamivu ya Cambridge mwaka 1965 angeweza kubaki Ulaya. Odhiambo alirudi Nairobi na kufundisha katika chuo kikuu. Huko ndiko alikokuja kuwa profesa wa wadudu na mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzishwa mwaka 1970.

Lakini aliona tatizo ambalo wengine walilizoea. Wadudu wanaoisumbua Afrika walikuwa wakichunguzwa Ulaya na Marekani, na wataalamu waliokuja kuwachunguza hapa walikuja kwa muda mfupi kisha wakaondoka na majibu yao. Kijana wa Kiafrika aliyetaka kusomea wadudu wa kwao alilazimika kupanda ndege.

Mwaka 1967 aliandika makala katika jarida kubwa la sayansi la Marekani liitwalo Science. Humo alieleza kwamba Afrika Mashariki inahitaji vituo vyake vya utafiti vya kiwango cha juu, vyenye watu wachache walio bora, vikishughulika na matatizo ya hapa. Makala hayo yaliwavutia wanasayansi wakubwa wa nje, akiwamo mkemia Carl Djerassi wa Marekani, na vyuo vya sayansi vya nchi mbalimbali vikakubali kusaidia.

Mwaka 1970 kituo kilizaliwa, nacho ni Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, kinachojulikana kwa kifupi kama ICIPE. Kilianza kwa hali ya chini katika eneo la Chiromo, Nairobi. Wadudu wa kwanza kuchunguzwa walikuwa wale ambao mfugaji na mkulima wa Singida angewachagua mwenyewe. Miongoni mwao walikuwamo mbung'o, kupe, mchwa, mbu, viwavijeshi na inzi wa mtama.

Odhiambo alikiongoza kituo hicho kwa miaka 24, hadi alipostaafu mwaka 1994.

Shule kwa ajili ya wengine

Katika yote aliyoyafanya, lipo moja linalogusa moja kwa moja swali la mzazi wa Singida. Mwaka 1983 kituo chake, kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Afrika, kilianzisha mpango wa masomo ya uzamivu katika sayansi ya wadudu. Mpango huo unajulikana kwa kifupi kama ARPPIS.

Utaratibu wake ni huu. Mwanafunzi anaandikishwa katika chuo kikuu cha Afrika, lakini utafiti wake anaufanya katika kituo, chini ya mtafiti mzoefu, juu ya mdudu anayesumbua au kusaidia watu wa Afrika. Shahada inatoka chuoni, na swali linatoka shambani. Mamia ya Waafrika wamepitia njia hiyo, na wengi wao wakawa wahadhiri, wakuu wa vituo vya utafiti na washauri wa serikali katika nchi zao.

Hapo ndipo tunapoona thamani halisi ya elimu ya Odhiambo. Shahada yake moja ilifungua njia kwa watu wengine kupata zao bila kuhama bara.

Heshima zilifuata. Alikuwa rais mwanzilishi wa Chuo cha Sayansi cha Afrika, kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1980 na kuwa na makao yake Nairobi. Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Afrika ya Uongozi katika Kumaliza Njaa, akishirikiana na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Fedheha ya kusomea wadudu ilikuwa imekwisha.

Matunda yaliyochelewa

Ni vyema tuwe wakweli. Kwa miaka mingi mkulima wa kawaida hakuona faida kubwa ya kituo hicho. Kazi nyingi ya mwanzo ilikuwa ya maabara, na fedha zilitoka kwa wafadhili wa nje, ambao wana vipaumbele vyao. Utafiti wa wadudu haufanani na duka, ambako mtu huleta mzigo asubuhi na kuhesabu faida jioni.

Matunda yalipoanza kuonekana, yalionekana vijijini. Katika miaka ya 1980 watafiti wa kituo walitengeneza mtego wa mbung'o huko Nguruman, kusini mwa Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Mtego huo ni wa kitambaa cha bluu na cheusi, na chambo chake mojawapo ni mkojo wa ng'ombe. Wafugaji waliweza kuushona na kuutunza wenyewe. Walitumia rangi na harufu ambazo utafiti ulionyesha kuwa mbung'o anazipenda.

Mwaka 1994 nafasi ya Odhiambo ilichukuliwa na Hans Herren kutoka Uswisi. Huyu alikuwa amejulikana kwa kuongoza vita dhidi ya kidung'ata wa muhogo barani Afrika kwa kutumia nyigu mdogo aliyetolewa Amerika ya Kusini, bila mkulima kununua dawa.

Kazi iliyokijengea kituo jina kwa wakulima wa nafaka ni ile ya vuta-sukuma. Watafiti wake, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walianza kuipeleka kwa wakulima wa magharibi mwa Kenya mwaka 1997. Kazi nyingi ilifanyika Mbita, kando ya Ziwa Victoria, katika kituo kilichojengwa wakati wa Odhiambo.

Maana ya vuta-sukuma ni nyepesi. Katikati ya mistari ya mahindi au mtama unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake inamfukuza bungua. Pembezoni mwa shamba unapanda majani ya malisho kama mabingobingo, ambayo yanamvuta atage huko. Mizizi ya desmodiamu inazuia kiduha na kuongeza naitrojeni kwenye udongo, na majani yote mawili ni chakula cha mifugo.

Kwa maeneo makavu zaidi, watafiti walichagua aina za desmodiamu na majani ya brakiaria zinazostahimili ukame. Imeonekana pia kwamba mfumo huo unapunguza mashambulizi ya viwavijeshi vamizi. Kwa mkoa kama Singida, wenye msimu mmoja wa mvua na ng'ombe wengi, ni jambo la kulijadili na bwana shamba wako. Tahadhari ni moja: mbegu ya desmodiamu si rahisi kupatikana kila mahali, na mwaka wa kwanza kazi ya palizi ni kubwa.

Kituo hicho kimeingia pia katika nyuki. Mwaka 2014 kilifungua maabara ya Afrika ya kuchunguza afya ya nyuki jijini Nairobi. Mwenye mizinga Manyoni au Itigi anajua umuhimu wake, kwani kundi likihama au kufa hakuna asali, na alizeti ya jirani nayo hupungukiwa wachavushaji.

Somo kwa mzazi na kijana

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Je, mzazi auze maksai tena?

Maisha ya Odhiambo hayasemi kwamba kila shahada inaleta kazi. Yanaonyesha kwamba masomo ya juu humpandisha mtu pale anapokwenda chuoni na swali analolijua kwa macho yake. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mzazi amuulize kijana mambo manne.

Kwanza, unataka kutatua tatizo gani? Akijibu kwamba anataka kuongeza elimu tu, asubiri. Akisema anataka kujua kwa nini alizeti ya kijiji chetu inatoa mapepe mengi, au jinsi ya kuhifadhi dengu bila sumu, hilo ni swali la utafiti.

Pili, umeshafanya kazi shambani kwa muda gani? Msimu mmoja au miwili ya kufanya kazi na wakulima, hata kwa malipo madogo, inampa kijana hoja za kueleza anapoomba nafasi ya masomo.

Tatu, ni nani atakayelipa? Wengi wanaosoma uzamili na uzamivu katika sayansi za kilimo hugharimiwa na miradi ya utafiti au ufadhili, na ARPPIS ni mfano wa njia hizo. Kijana atafute huko kwanza, na maksai wawe akiba ya mwisho. Hapa nchini, SUA inatoa masomo ya juu ya kilimo, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ilianza kupokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu mwaka 2011. Anayependa nyuki bila safari ndefu ya shahada anaweza kuanza na Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora.

Nne, elimu hiyo itarudi wapi? Nafasi zipo katika Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ambayo ina kituo Hombolo, Dodoma, kinachoshughulika na mazao ya maeneo makavu kama mtama na uwele. Zipo katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Zipo pia kwa wanaosindika mafuta na wanaouza asali nje, ambao wanahitaji mtu anayeweza kupima ubora na mabaki ya sumu. Hata mfanyabiashara wa pembejeo angefaidika kuwa na mtu wa kumwambia mteja ni dawa ipi ifae, na lini asinunue kabisa.

Wapo pia watakaorudi kulima, na hilo nalo si hasara. Anayelijua shamba lake kwa undani hununua dawa kidogo kuliko jirani yake.

Odhiambo hakuishi kuona yote aliyoyapanda. Leo kituo cha Mbita, ambako wakulima na wanafunzi huja kujifunza vuta-sukuma, kinaitwa kwa jina lake.

Mzazi wa Singida anayeyajua mambo hayo manne hana haja ya kubahatisha. Kijana akiyajibu vizuri, msaidie. Asipoyajibu, mpe jembe na daftari, mwende wote shambani msimu huu. Huenda swali lake analisubiri huko.